Kamasi ya Kahawia Katika Tangi la Matumbawe: Kuwatambua Dinoflajeleti na Kuwadhibiti

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Chamwino, mkoani Dodoma, mbele ya walimu wa sayansi, maafisa uvuvi, wafugaji wa samaki na wanafunzi. Umehaririwa kidogo kwa ajili ya kuchapwa.



Shukrani za kwanza ziwaendee wenyeji. Si jambo dogo kwa watu wanaoishi zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, kilomita zaidi ya mia nne kutoka Dar es Salaam, kukubali kuketi saa nzima kusikiliza habari za maji ya chumvi. Kuna aliyeuliza mlangoni kama mhadhara haukukosea mkoa. Haukukosea, na kabla ya kumaliza sababu yake itakuwa wazi.

Mhadhara unahusu tangi la kioo lenye maji ya bahari, samaki na matumbawe hai, na unahusu balaa moja linalowakatisha tamaa wafugaji wa matangi hayo duniani kote: mlipuko wa viumbe wadogo waitwao dinoflajeleti. Lengo lake ni moja. Ni kuonyesha kwamba mlipuko huo hautibiwi kabla haujatambuliwa kwa aina yake, kwa sababu hatua inayoufaa uoto mmoja wa kahawia huuchochea mwingine. Hoja ziko saba. Maswali yatapokelewa mwishoni, ila mwenye swali la haraka anyooshe mkono.

Hoja ya kwanza: Dinoflajeleti ni ukoo mpana, na tumbawe lenyewe linaishi kwa jasho lao

Dinoflajeleti ni viumbe wa chembe moja, na wengi wao hawaonekani kwa macho matupu. Kwa kawaida kila mmoja ana mijeledi miwili. Mmoja umezunguka kiuno ndani ya mfereji unaokata mwili katikati, na mwingine unaburutwa nyuma. Mjeledi wa kiunoni ukipiga, kiumbe hujizungusha huku akisonga mbele, na mzunguko huo ndio utakaomsaliti baadaye chini ya hadubini. Baadhi wamevaa mabamba magumu ya selulosi, wengine wako uchi. Wanasayansi wamekwisha kueleza zaidi ya aina 2,000 zilizo hai. Karibu nusu yake hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Waliobaki huwinda au huishi kwa kuwategemea wengine, na wako wanaofanya yote mawili.

Mvuvi wa Kilwa au Kizimkazi anayepiga kasia usiku wa giza na kuona maji yakimetameta rangi ya samawati, mara nyingi anaona kazi ya viumbe hawa. Lakini kazi yao kubwa kuliko zote haionekani kabisa. Ndani ya nyama ya tumbawe hukaa dinoflajeleti waitwao zooksantela, na katika sentimita moja ya mraba wanaweza kuzidi milioni moja. Wao hutengeneza sukari kwa jua na kumpa mwenyeji wao sehemu kubwa ya chakula chake. Tumbawe nalo huwapa hifadhi na mabaki ya naitrojeni. Bila ushirika huo, miamba ya Mafia, Misali na Chumbe isingejengeka.

Mwaka 1998 ushirika huo ulivunjika mbele ya macho ya watu wa pwani. El Niño ilipopandisha joto la bahari, matumbawe kuanzia Kenya hadi Mafia na Pemba yaliwapoteza wapangaji wake, yakapauka, na mengi yakafa. Mwaka 2016 joto likarudi na miamba ikapauka tena. Kwa hiyo mtu anayetaka dawa ya kuua kila dinoflajeleti ndani ya tangi aelewe anachoomba: anaomba pia kifo cha wale wanaolisha matumbawe aliyoyanunua kwa bei kubwa.

Hoja ya pili: Bahari yetu inaujua mlipuko huu, lakini wa tangini una tabia nyingine

Mwanzoni mwa mwaka 2002 samaki wengi walikufa katika pwani ya kaskazini ya Kenya, upande wa Kiunga, hadi Somalia. Watafiti walilihusisha tukio hilo na mlipuko wa dinoflajeleti wa jenasi ya Karenia. Miaka sita baadaye ikawa zamu ya Ghuba na Oman, ambako jamii kubwa ya watu wenye asili ya Zanzibar huishi. Kuanzia Agosti 2008, aina iitwayo Cochlodinium polykrikoides iliyageuza maji kuwa mekundu katika zaidi ya kilomita 1,200 za mwambao, ikakaa kwa zaidi ya miezi minane, ikaua maelfu ya tani za samaki. Mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari, ambayo miji ya huko huitegemea kwa maji ya kunywa, ilibidi isimamishwe kwa vipindi.

Hata mbali na bahari viumbe wadogo wa majini wamewahi kutisha. Mwaka 2004 heroe wengi walikufa katika Ziwa Manyara na Ziwa Momela Kubwa. Watafiti walipochunguza maji walikuta mlipuko wa sianobakteria wenye uwezo wa kutoa sumu, nao wakaeleza kwamba vifo hivyo huenda vilikuwa na sababu zaidi ya moja. Walioagiza maji yaangaliwe kwa hadubini ndio waliowezesha mjadala huo kuwapo. Bila hadubini, pangebaki uvumi.

Sasa tofauti. Baharini na ziwani, milipuko mingi hustawi panapojaa virutubisho: mbolea kutoka mashambani, maji taka, au maji baridi yanayopanda kutoka vilindini. Katika tangi la matumbawe mambo hugeuka. Hapo dinoflajeleti wakorofi hutokea mara nyingi pale ambapo virutubisho vimekwisha kabisa. Anayehamisha somo la ziwani na kulipeleka tangini bila kupima, anaanza kwa mguu mbaya.

Hoja ya tatu: Utambuzi una hatua tatu, yaani macho, karatasi na hadubini

Hapa mhadhara utakaa kidogo, maana ndipo kiini kilipo.

Hatua ya kwanza ni macho, na saa ya kuangalia ni muhimu kuliko rangi yenyewe. Tangi lenye dinoflajeleti huamka likiwa na mchanga mweupe. Kufikia saa nane mchana, taa zikiwa zimewaka kwa saa kadhaa, mchanga umefunikwa na kahawia, na juu ya mawe zimening'inia nyuzi za kamasi zenye viputo vya hewa kwenye ncha. Viputo hivyo ni oksijeni. Usiku taa zikizimwa, kamasi hupungua na mchanga hurudia weupe wake. Dalili nyingine ni konokono: wale wanaokula uoto hulegea, huanguka chali, hushindwa kujigeuza, na baadhi hufa. Mfugaji akikuta konokono wamekufa huku vipimo vyake vya maji viko sawa, awashuku dinoflajeleti.

Wanaofanana nao ni wawili. Diatomu huja katika tangi jipya kama vumbi la kahawia linalofutika kirahisi, na kwa kawaida hupungua lenyewe baada ya wiki chache. Sianobakteria hutandaza utando mwekundu au wa zambarau ambao hubanduka kipande kizima ukipulizwa kwa maji. Kati ya hao watatu, kila mmoja ana tiba yake, na macho peke yake hukosea mara nyingi.

Hatua ya pili ni ya karatasi, na gharama yake haizidi chai ya asubuhi. Mfugaji huchukua bomba la sindano lisilo na sindano, akanyonya kamasi kidogo pamoja na maji ya tangi, akaweka katika chupa ndogo safi. Hufunga kifuniko na kuitikisa kwa nguvu mpaka nyuzi zote zivunjike na maji yawe ya kahawia sawasawa. Kisha huyamimina juu ya karatasi ya kuchujia kahawa, au karatasi nene ya jikoni, na kukinga yanayopita kwa glasi. Yanayopita huwa karibu meupe. Mabonge yamebaki juu ya karatasi. Glasi huwekwa chini ya taa, bila kuguswa, kwa nusu saa hadi saa nzima.

Kama waliokuwamo ni dinoflajeleti, chembe moja moja zilizopenya kwenye karatasi huogelea, hutafutana na kukusanyika upya, na nyuzi za kamasi huonekana tena ndani ya maji yaliyokuwa safi. Diatomu na mwani wa kawaida hawafanyi hivyo. Walimu waliopo wataona kwamba jaribio hili linaingia katika kipindi kimoja cha maabara, na mwanafunzi wa kidato cha pili analiweza.

Hatua ya tatu ni hadubini. Hadubini ya shule inayokuza mara 400 inatosha. Tone moja la sampuli huwekwa kwenye kioo, hufunikwa kwa kijioo, na kutazamwa papo hapo, kwa kuwa joto la taa ya hadubini huwaua baada ya dakika chache na aliyekufa hasemi jina lake. Simu ikiwekwa kwenye lenzi ya juu hurekodi video nzuri ya kumtumia mtaalamu aliye mbali.

Kinachotafutwa ni umbo na mwendo. Ostreopsis ana umbo la tone lililochongoka upande mmoja, urefu wake maikromita 30 hadi 60, na mara nyingi huzunguka mahali pamoja kana kwamba amefungwa kwa uzi usioonekana. Coolia anafanana naye ila ni mviringo zaidi. Prorocentrum hana mfereji wa kiunoni; mijeledi yake yote miwili hutoka mbele, mwili wake ni wa yai au harage, na baadhi yao wana doa jeupe katikati. Amphidinium ni bapa, ana kichwa kidogo kilichopinda pembeni kama mdomo wa ndege, na huteleza huku na huko kwa uhuru badala ya kuzunguka mahali pamoja. Wanaomiliki matangi humgawa Amphidinium katika makundi mawili, wenye chembe kubwa na wenye chembe ndogo, na wale wenye chembe kubwa ndio wasumbufu wa mchangani.

Diatomu, kwa kulinganisha, ni vijisanduku vya silika vyenye kingo kali. Hukaa kimya au husogea polepole kwa mstari ulionyooka. Sianobakteria ni nyuzi ndefu. Aliyeona makundi haya matatu mara moja chini ya lenzi hayachanganyi tena.

Hoja ya nne: Mlipuko wa tangini mara nyingi ni zao la usafi uliopitiliza

Mtu akiona uchafu husafisha. Mwenye tangi anapoona kamasi ya kahawia hubadili maji mara mbili kwa wiki, huongeza chujio la mapovu, huweka dawa ya kunyonya fosfeti na kuwapunguzia samaki chakula. Baada ya mwezi naitreti inasoma 0, fosfeti inasoma 0, na kamasi imeongezeka.

Maelezo yanayokubaliwa na wafugaji wengi ni haya. Virutubisho vikiisha, wa kwanza kufa njaa ni mwani wa kijani, diatomu na bakteria wanaogombania nafasi juu ya mawe na mchanga. Dinoflajeleti wengi wana njia zaidi ya moja ya kupata riziki: hutumia mwanga, na pia humeza bakteria na chembe nyingine. Washindani wakishaondoka, uwanja wote unabaki wao. Ni haki kusema wazi kwamba maelezo haya na tiba zitakazofuata zimejengwa zaidi juu ya uzoefu wa wafugaji wengi kuliko juu ya majaribio ya maabara yaliyodhibitiwa. Hata hivyo yanaoana vizuri na biolojia ya viumbe hawa.

Chanzo cha pili ni jiwe kavu. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta aliandika jinsi alivyofuga samaki wa baharini na matumbawe kwa kutumia mawe hai kutoka baharini, maji ya bahari na hewa, bila mitambo mingi. Mawe yale yalikuwa na bakteria, minyoo, sponji na vikrasteshia vya kila namna. Leo matangi mengi huanzishwa kwa mawe makavu, kwa nia njema ya kutong'oa miamba. Nia hiyo ni sahihi na sheria iko upande wake: matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na katika hifadhi kama ile ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, hakuna anayeruhusiwa kujichukulia. Ila tangi la mawe makavu huanza bila majirani, na anayewahi kuingia hukalia kila kitu. Jiwe kavu pia hunyonya fosfeti, kwa hiyo mfugaji huiweka leo na kesho kipimo kinasoma 0 tena.

Hoja ya tano: Kila aina na tiba yake

Kuna hatua nne zinazofaa karibu katika kila mlipuko.

Ya kwanza ni kusimamisha ubadilishaji wa maji na dawa za kunyonya fosfeti. Ya pili ni kupandisha virutubisho polepole: naitreti ifike kati ya miligramu 5 na 15 kwa lita, fosfeti kati ya 0.05 na 0.1, kwa kuongeza chakula cha samaki au kutia naitreti ya sodiamu na chumvi ya fosfeti katika vipimo vidogo kila siku. Kipimo huchukuliwa kila siku, saa ileile. Ya tatu ni kunyonya kamasi kwa mpira mwembamba mchana, wakati imejaa, na kuyapitisha maji hayo katika mfuko wa kuchujia wenye matundu madogo sana kabla ya kuyarudisha tangini. Ya nne ni kurudisha majirani: vikrasteshia vidogo, mwani wa kulishia, na mchanga au jiwe dogo kutoka tangi lenye afya la mfugaji mwenzake.

Baada ya hapo njia zinaachana, na hapa ndipo jina linapolipa.

Kwa Ostreopsis, Coolia na aina nyingi za Prorocentrum, silaha kubwa ni taa ya urujuanimno. Wafugaji wameona kwamba usiku viumbe hawa huachia mawe na kuelea katika maji. Maji yakisukumwa kupitia bomba lenye taa hiyo, wanauawa njiani. Kanuni inayotumiwa na wengi ni takriban wati 1 kwa kila lita 10, hivyo tangi la lita 300 lingehitaji taa ya wati 30, na maji yote yapite mara moja hadi tatu kwa saa. Bomba lichukue na kurudisha maji ndani ya tangi lenye matumbawe, si katika tangi la chini la mitambo, kwa kuwa viumbe hao wako huko juu. Giza la siku tatu huongeza nguvu ya tiba hii, kwani huwalazimisha wengi zaidi kuondoka kwenye mawe. Giza peke yake huleta furaha ya wiki moja, halafu kamasi hurudi.

Kwa Amphidinium wenye chembe kubwa, taa hiyo haisaidii sana. Hawa hawaelei usiku. Hujichimbia mchangani na kungoja asubuhi. Dawa yao ni mshindani wa kuwanyang'anya mchanga, na mshindani huyo ni diatomu. Mfugaji hutia silikati ya sodiamu kidogo kidogo mpaka kipimo kisome karibu miligramu 1 kwa lita, huku naitreti na fosfeti zikiwapo. Mchanga hubadilika rangi tena, safari hii kwa vumbi la diatomu ambalo konokono hulila kwa hamu. Mtu asiyejua kinachoendelea angedhani hali imezidi kuwa mbaya. Mwenye hadubini anaona vijisanduku vya silika vikichukua nafasi, na anatulia.

Tazama basi kosa la kutibu kwa kubahatisha. Mwenye Amphidinium akinunua taa ya gharama kubwa amepoteza fedha. Mwenye diatomu za kawaida akitia silikati amezilisha. Mwenye dinoflajeleti wa aina yoyote akifuata ushauri wa kumaliza sianobakteria kwa kusafisha zaidi amewafagilia njia.

Dawa za kumwaga zinazoua mwani wote zina hatari ya aina nyingine. Chembe zikifa kwa mamilioni usiku mmoja, oksijeni hushuka na sumu iliyokuwa ndani yake huingia majini kwa mkupuo. Tiba nzuri huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi miwili, na dalili za ushindi huwa ndogo: mwani wa kijani juu ya kioo, konokono wanaotembea, mchanga uliobaki na rangi moja mchana na usiku.

Hoja ya sita: Sumu ya dinoflajeleti haimdhuru konokono peke yake

Wanafunzi wasikilize hapa. Baadhi ya Ostreopsis hutengeneza sumu za jamii ya palitoksini. Palitoksini yenyewe ilitengwa mara ya kwanza huko Hawaii, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1971. Ilitoka kwa viumbe jamaa wa matumbawe waitwao Palythoa, ambao wafugaji wengi huwaweka matangini kwa uzuri wao. Ni miongoni mwa sumu kali kabisa za asili zisizo protini.

Majira ya joto ya mwaka 2005, watu takriban 200 katika ufuo wa Genoa, Italia, walihitaji matibabu kwa homa, kikohozi na shida ya kupumua. Wengine hawakuwa wameingia majini. Walivuta tu hewa ya ufukweni iliyobeba matone ya maji wakati wa mlipuko wa Ostreopsis ovata. Kwa hiyo anayefanya kazi ndani ya tangi lenye mlipuko avae glavu na miwani, asinyonye mpira kwa mdomo, na mwenye kidonda mkononi amwachie mwingine kazi. Jiwe kutoka tangi kama hilo lisichemshwe kamwe jikoni ili kulisafisha, kwani mvuke hubeba sumu. Ndani ya tangi lenyewe, mkaa amilifu ukibadilishwa mara kwa mara hunyonya sehemu ya sumu na kuwaokoa konokono.

Hoja ya saba: Tangi la Chamwino lina mitihani yake

Sasa lile swali la mlangoni.

Hewa ya Kanda ya Kati ni kavu miezi mingi ya mwaka. Mvua zikikatika mwezi wa nne au wa tano, husubiriwa hadi mwishoni mwa mwaka. Tangi lisilofunikwa hupungua maji kila siku. Kinachopotea ni maji tu, chumvi inabaki, kwa hiyo huongezwa maji matamu yasiyo na kitu. Na hapo pana mtihani. Maji mengi ya eneo hili hutoka ardhini, yakiwemo ya visima vya Makutupora vinavyolisha jiji la Dodoma, na maji yanayopita katika miamba ya granaiti huchukua madini, silikati ikiwa mojawapo. Anayejazia tangi kwa maji ya kisima anaongeza madini kila siku bila kuyaona. Uoto wake wa kahawia una uwezekano mkubwa wa kuwa diatomu, na kumtibu kama mwenye dinoflajeleti ni kumpoteza njia. Mashine ya kuchuja maji ya aina ya RO (osmosisi ya kinyume), ikifuatiwa na kichujio cha resini, huondoa tatizo hilo. Kipima madini kisome 0 kabla maji hayajaingia tangini.

Umeme ni mtihani wa pili. Taa ya urujuanimno iliyozimika usiku kucha imepoteza saa zake za kazi, na pampu zilizosimama huacha maji bila oksijeni. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri inafaa iwepo kabla ya tangi kujazwa.

Faida nayo ipo. Treni ya umeme, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, imefanya sampuli au kifurushi cha vikrasteshia hai kutoka pwani kiweze kufika siku hiyohiyo. Na mwanga wa jua wa Dodoma unatosha kukuza mwani wa kulishia kwenye chupa dirishani.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mhadhara unakaribia mwisho, na kilichobaki ni kutazama mbele.

Huenda ni wachache katika ukumbi huu watakaofuga matumbawe. Lakini wilaya ina mabwawa ya samaki, upande wa kusini liko Bwawa la Mtera linalolisha masoko yetu kwa perege, na jirani liko Bwawa la Hombolo. Maji hayo yote hubadilika rangi kwa misimu, na ndani yake wamo ndugu wa viumbe waliotajwa leo, wakiwemo dinoflajeleti wa maji matamu kama Ceratium. Ujuzi wa kutikisa chupa, kuchuja kwa karatasi na kutazama mara 400 hautofautishi maji ya chumvi na ya bwawa.

Basi mhadhara unaacha maombi matatu. Kwanza, shule za sekondari zenye hadubini ziitoe kabatini, zianze daftari la viumbe wa majini la Chamwino: tarehe, saa, mahali, rangi ya maji, umbo lililoonekana na mwendo wake, pamoja na mchoro au video. Pili, maafisa uvuvi wapokee daftari hilo kila mwisho wa msimu na kulifikisha kwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, wanaoweza kuthibitisha majina. Tatu, mfugaji yeyote, wa perege au wa matumbawe, atakapoona rangi asiyoielewa, apeleke chupa ya sampuli shuleni kabla ya kwenda dukani kununua dawa.

Chupa ziko mezani pale kando ya mlango, na karatasi za kuchujia ziko pembeni yake. Kila mwalimu achukue za shule yake. Sasa maswali.